SOMO LA UFUGAJI: MAJI KWANZA, CHAKULA BAADAYE

Vikundi vya nyanda za juu, kando ya Mlima Kenya na Aberdare, vinapotaka kufuga trauti hutuuliza: "Tuwape chakula gani wakue haraka?" Sisi tunasema, kwanza tuangalie maji.

Trauti si mwenyeji wetu. Aliletwa kwenye mito ya milimani mwaka wa 1905, akazoea kwa sababu maji yale ni baridi. Si kama tilapia, anayependa joto.

1. JOTO. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Chini ya nyuzi 10 trauti hula kidogo na hukua polepole. Kati ya 13 na 17 hivi hukua vizuri. Zikipita 20 hukosa hamu ya kula, na karibu na 25 hufa.

2. HEWA. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na wakati huo huo samaki anahitaji zaidi. Tena kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko Pwani.

3. MWENDO. Maji yanayotembea huleta hewa na kuondoa uchafu. Yakisimama, mavi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu inayoharibu matamvua ya kupumulia.

Hapa ndipo pesa hupotea. Januari na Februari jua ni kali, mto unapungua, na mashamba ya juu yanavuta maji ya kunyunyizia. Samaki wanaacha kula. Mfugaji anadhani chakula ni kibaya, anaongeza kingine. Kinaoza, hewa inaisha, asubuhi samaki wanaelea. Deni la kikundi nalo linabaki pale pale.

TUFANYE NINI?
- Nunueni kipimajoto. Pimeni asubuhi na saa nane mchana, muandike kwa daftari.
- Zikifika nyuzi 18, punguzeni chakula. Zikifika 20, msilishe mpaka maji yapoe.
- Maji yaingie kidimbwini kwa kuanguka, ili yachukue hewa.
- Pandeni miti ya kienyeji kando ya mto, si mikaratusi, maanake hiyo hunywa maji sana.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Mto wetu hubaki na maji kiasi gani mwezi wa Februari?
2. Nani huyatumia kabla hayajatufikia, na tumeketi naye lini katika chama cha watumiaji maji?
3. Je, tuchukue mkopo kabla ya kujibu hayo mawili?