Uchafu Uliingia Kutoka Word

Mwalimu mmoja kijana ananiuliza: mtihani wake wa Kiswahili ni safi kabisa kwenye skrini, lakini ukitoka kwenye printa ya nukta nundu wanafunzi wanakuta alama za ajabu katikati ya maneno. Amekuwa akizifuta mojamoja ndani ya faili ambalo tayari limetafsiriwa kuwa nukta nundu. Mdogo wangu, hiyo kazi iache leo hii. Ni kuchambua mawe kwenye wali uliokwisha kuiva. Rudi kwenye maandishi ya kawaida, safisha huko, kisha tafsiri upya.

Kinachokutesa ni misimbo ya umbizo. Wewe huoni nafasi tupu iliyokolezwa wino, wala hujali kichwa cha habari ulichokisukuma katikati kwa kubonyeza nafasi tele. Programu ya kutafsiri nukta nundu kama Duxbury inaviona na kuvibeba vyote. Kwa kanuni za UEB, zile za nukta nundu za Kiingereza, neno la herufi za mlazo hutanguliwa na seli mbili: nukta 4-6, kisha nukta 2. Kipanya kikiteleza, mlazo ukaanzia herufi ya tatu, seli hizo zinajipachika katikati ya neno, na kidole cha msomaji kinajikwaa papo hapo.

Halafu kuna lebo ya lugha, na hii hunikera kuliko zote. Kompyuta zetu nyingi huyachukulia maandishi yote kuwa Kiingereza mpaka uziambie vinginevyo. Kiswahili kikipitishwa kwenye vifupisho vya Kiingereza, “andika” linaanza na alama ya “and”, nukta 1-2-3-4-6, na “panda” linaimeza alama hiyohiyo tumboni. Mtoto wa darasa la tatu atajuaje? Teua maandishi yote, weka lugha iwe Kiswahili, na kwenye programu ya kutafsiri pia uchague Kiswahili.

Sasa kufagia. Ndani ya Word, Ctrl+A huteua kila kitu, na Ctrl pamoja na kibonye cha nafasi huondoa koza, mlazo na mistari uliyoiweka kwa mkono. Raha, sivyo? Subiri kwanza! Mtihani wa Kiswahili usiokuwa na “eleza maana ya neno lililopigiwa mstari” nauona kwa nadra. Ukifagia bila kuangalia, swali linabaki na mstari haupo, na mtahiniwa asiyeona anapoteza alama kwa kosa ambalo si lake. Kwa hiyo pitia karatasi kwanza, andika pembeni nambari za maswali ya namna hiyo, ndipo ufagie. Ukimaliza, rudisha mstari kwa Ctrl+U, kwenye neno lenyewe tu, bila kugusa nafasi inayolifuata. Vichwa vya habari vipe mtindo wa kichwa, Ctrl+Alt+1, badala ya kuvikoza.

Wewe usiyeona na unayejitayarishia kazi mwenyewe, programu ya kusoma skrini ya NVDA inatolewa bure, na kibonye chake pamoja na F kitakusomea umbizo la mahali ulipo.

Ikiwa bado kuna takataka ndani ya Duxbury, bonyeza Alt+F3 misimbo ijitokeze. Mingi huenda kwa jozi, wa kufungua na wa kufunga. Ukiondoa mmoja, ondoa na mwenzake. Fanya hivyo kwenye faili la maandishi, si la nukta nundu, kisha Ctrl+T itafsiri tena. Na tafadhali, uwe na nakala ya pembeni kabla hujaanza.

Usichape nakala za darasa zima bado. Chapa ukurasa mmoja, ule wenye maswali ya mstari, umpe mtu anayesoma kwa vidole. Akuoneshe neno lililopigiwa mstari bila wewe kumwambia liko wapi.