Bahari na Jua la Kuanikia Karafuu

Wanachama wengi huuliza: kwa nini vuli ya mwaka mmoja huwa na jua la kutosha, karafuu zikakauka kwa siku 4 au 5, na vuli ya mwaka mwingine mvua haiachi hata karafuu zikaharibika jamvini? Sehemu kubwa ya jibu imo baharini.

Kwanza, tujue tabia ya maji. Kilo 1 ya maji huhitaji joto karibu mara 5 ya lile linalohitajiwa na kilo 1 ya mchanga mkavu ili kupanda kiasi kile kile. Tena maji hupoa polepole. Basi bahari ni ghala la joto. Mwezi wa Julai, tofauti ya joto la mchana na la usiku huko Dodoma ni kiasi cha nyuzi 13 za Sentigredi. Kwetu visiwani ni karibu nusu yake.

Pili, pepo. Wakati wa kiangazi cha Asia, nchi kavu ya huko hupata moto upesi kuliko bahari. Hewa yake hupanda, na hewa ya kusini huvutwa kujaza nafasi: ndiyo kusi. Asia ikipoa, upepo hugeuka, nasi twapata kaskazi. Masika na vuli huja pepo hizo zinapobadilishana zamu.

Tatu, joto la bahari si sawa kila mwaka. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakizidi joto, na ya upande wa Sumatra yakipoa, mvuke mwingi hupanda karibu nasi na vuli huwa kubwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na 2019. Mambo yakiwa kinyume, kama mwaka 2016, vuli huwa haba.

Mkulima hawezi kuiamuru bahari, lakini aweza kujitayarisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa vuli kabla ya msimu, tuusikilize. Ikitajwa mvua nyingi, tutengeneze majamvi na mahali pa kufunikia mapema, wala tusichume kwa siku zaidi ya tunazoweza kuanika. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kilo 1 tu kavu. Zikilundikwa mbichi hupata moto, hupauka na kukunjamana, na jasho la wachumaji na letu likapotea kwenye mizani.