Ukuta wa Yeriko: Historia au Mighani?

Je, ukuta wa Yeriko ulianguka kama isimuliwavyo katika Yoshua 6? John Garstang, aliyechimba magofu ya mji huo kati ya 1930 na 1936, aliafiki. Kathleen Kenyon, aliyechimba kati ya 1952 na 1958, alipinga: mji uliteketea yapata 1550 K.K., naye hakupata ukuta wowote wa karne ya 13 K.K., kipindi ambacho wengi humhusisha nacho Yoshua. Kwa mhakiki wa fasihi, hoja haijaisha. Huenda magofu yenyewe ndiyo yaliyozaa simulizi, kwani mighani hukuza yaliyopita ili kuhalalisha umiliki wa ardhi. Basi swali la utanzu litangulie lile la ukweli. Vinginevyo, tutaidai simulizi ushahidi ambao haikuahidi kuutoa.