Taa za breki zikigoma kwenye mkonga wako

Ukipita Lukumburu kutoka Songea kwenda Makambako, mara nyingi nyuma yako kuna lori la makaa ya mawe ya Ngaka. Dereva wa lori lile anajua kwamba umekanyaga breki kwa kuziona taa mbili nyekundu za nyuma ya gari lako, basi. Kwenye Land Cruiser ya mkonga ya zamani, au Land Rover 109 na 110 ambazo bado zinabeba watu na mahindi huku Ruvuma, taa hizo hufa kimya kimya, maana aliyeshika usukani hazioni.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Giza likianza kuingia, rudisha gari nyuma mpaka karibu na ukuta, kanyaga breki, kisha tazama kwenye kioo kama ukuta umepiga wekundu. Funguo iwe imewashwa, kwa kuwa kwenye Land Rover nyingi taa za breki haziwaki funguo ikiwa imezimwa. Ukiona mwanga upande mmoja tu, swichi achana nayo: hapo ni globu, au waya wa hasi umeshika kutu pale ulipofungwa kwenye bodi. Zisipowaka zote, tazama fyuzi kwanza, halafu globu zote mbili. Wakati mwingine moja ilikufa zamani bila mtu kuitazama, na leo imeifuata ya pili.

Fyuzi ikikatika tena baada ya kubadilishwa, usithubutu kuziba nafasi yake kwa kipande cha waya. Fuata waya wa nyuma, hasa unapopita kwenye chesisi na bawaba za mlango, utafute ulipochunika.

Fyuzi na globu zikiwa nzima, inama chini ya dashibodi ukiwa na tochi. Swichi imefungwa kwenye bano juu ya pedeli ya breki, ina waya mbili, na ina pini inayogusana na mkono wa pedeli. Pedeli ikiwa juu, inaibana pini na umeme unakatika. Ukikanyaga, pini inachomoza na umeme unapita. Chomoa soketi yake, kisha unganisha matundu yake mawili kwa kipande kifupi cha waya. Taa zikiwaka, ubovu uko kwenye swichi au mkao wake. Zisipowaka, pima kwa globu yenye waya mbili kama umeme unafika hapo. Kama haufiki, unanunua swichi bure.

Kabla ya kwenda dukani, bonyeza pini kwa kidole mara kadhaa. Vumbi jekundu la njia ya Muhukuru linaingia kila mahali, na pini ikinata, taa zitawaka pale zinapotaka. Wapo mafundi wanaoifungua swichi na kupiga msasa ndani. Hiyo ikutoe Mbinga ikufikishe nyumbani tu, kwa sababu kifuniko kikishafunguliwa hakirudi kubana kama mwanzo.

Kuna ugonjwa wa kinyume: taa zinawaka muda wote na asubuhi betri imelala. Mara nyingi swichi ni nzima kabisa. Kwenye mkono wa pedeli, pale pini inapogusa, pana tundu lenye kipira au plastiki ndogo. Kikizeeka kinasagika, pini inatumbukia kwenye tundu, na gari linaamini kwamba umekanyaga breki. Tafuta vipande vyake kwenye kapeti. Boliti fupi yenye kichwa bapa, ikifungwa kwa nati kwenye tundu hilo, itakusogeza mpaka upate kipira kipya.

Ukienda kununua, beba swichi ya zamani. Linganisha urefu wa uzi wake na idadi ya pini za soketi, na uhakikishe gari lako ni la volti 12 au 24. Ukinunua ya mtumba, ipime kwa globu hapo hapo dukani.

Kufunga ndiko kunakotaka umakini. Legeza nati ya kufungia, zungusha swichi mpaka iguse pedeli kidogo tu, kisha irudishe nyuma kiasi cha milimita moja. Taa ziwake pedeli inapoanza tu kushuka, kabla breki hazijashika. Ukiisukuma swichi ndani mno, itaizuia pedeli kurudi juu yote, breki zitabaki zimeshika kidogo, zitapata moto, na kwenye mteremko mrefu zitakosa nguvu. Endesha kilomita chache, kisha sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Joto likiwa kali, rudi ulegeze.

Land Rover za zamani zaidi zina swichi iliyofungwa kwenye bomba la breki, inayosukumwa na presha ya mafuta. Hiyo ukiifungua unaingiza hewa kwenye mfumo, na lazima utoe upepo baadaye. Kama hujawahi kufanya hivyo, mpe fundi.

Kama unavuta tela, kumbuka globu mbili za wati 21 kwenye volti 12 zinakula kama ampia 3.5. Taa za tela zikiongezeka, mzigo wote unapita kwenye swichi ile ile ndogo, na ndiyo sababu swichi hizi zinaungua mara kwa mara. Funga rilei.

Fundi akikushauri akuwekee swichi ya kidole kwenye dashibodi ili uwashe taa mwenyewe kila unapofunga breki, mkatalie. Mtoto akikatiza ghafla pale Msamala, mkono wako utakuwa kwenye usukani.