SOMO LA WIKI: Hesabu ya saa kati ya Dar es Salaam na Guangzhou

Mfanyabiashara anayefuata bidhaa Guangzhou, kusini mwa China, hutazama nauli kwanza. Hata hivyo, muda wa safari nao ni gharama, na unaweza kupigiwa hesabu kabla ya kulipia tiketi.

UMBALI: Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Baiyun, Guangzhou, ni kama kilomita 8,700. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 850 kwa saa, ndege kubwa huhitaji saa 10 na robo hivi. Ukiongeza muda wa kupaa na kutua, ni saa 10 na nusu.

SAA ZA TIKETI: Tiketi huonyesha saa za mahali, na China iko mbele ya Tanzania kwa saa 5. Tuchukulie ndege inaondoka Dar saa 10:00 jioni na kufika saa 1:30 asubuhi ya kesho yake. Kwenye karatasi ni saa 15 na nusu. Toa 5, zinabaki 10 na nusu. Wakati wa kurudi, 5 huongezwa: kuondoka saa 4:00 asubuhi na kufika saa 10:30 jioni ni safari ya saa 11 na nusu, si 6 na nusu. Kurudi huweza kuchukua muda zaidi kwa sababu ya upepo wa juu utokao magharibi, hasa Desemba hadi Februari.

KUUNGANISHA NDEGE: Kupitia Dubai ni kilomita 3,980 na 5,830, kupitia Addis Ababa ni 1,760 na 8,040. Njia zote mbili hufikia kama 9,800. Nyongeza ni kilomita 1,100, yaani saa moja na dakika 20 hivi angani. Kinachokula muda hasa ni kusubiri uwanjani.

HESABU YA FEDHA: Tuchukulie tiketi ya kuunganisha imepungua dola 150, lakini abiria anasubiri saa 9. Safari inakuwa karibu saa 21, na anafika saa 12:00 jioni badala ya saa 1:30 asubuhi. Gawa 150 kwa saa 10 na nusu zilizoongezeka: ameokoa dola 14 kwa kila saa.

Je, zinatosha? Kila awamu ya Maonesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou majira ya kuchipua na ya vuli, huchukua siku 5. Anayefika jioni ya siku ya kwanza amepoteza sehemu moja kati ya tano ya muda wa kulinganisha bei za viwanda. Kwa anayekwenda kukagua tu mzigo aliokwisha kuagiza, dola 150 ni faida. Kwa aliyekopa mtaji na bado anatafuta muuzaji, siku hiyo moja huweza kumgharimu zaidi.