Hesabu ya Siku za Hedhi na Msichana Aliyebalehe Karibuni

Jina la Sekenke, katika Wilaya ya Iramba mkoani Singida, limefungamana na dhahabu tangu enzi ya Wajerumani. Dhahabu ya huko ndiyo iliyofuliwa mjini Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15, na wachimbaji wadogo wangali wakiitafuta hadi leo. Penye machimbo hukusanyika wanaume wengi walio mbali na jamaa zao, na fedha huonekana leo ikapotea kesho. Msichana wa shule akaaye karibu na makambi ya namna hiyo hushawishiwa mapema, na mara nyingi ayajuayo juu ya mwili wake ameyapata kwa wenzake. Mojawapo ni kwamba zipo "siku salama", ambazo mtu hawezi kushika mimba. Yafaa dai hili lichunguzwe, kwa maana limewaponza wengi.

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku inayotangulia hedhi nyingine. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni zinazokomaza yai katika ovari na kulifanya litoke. Yai lisiporutubishwa, hedhi hufuata baada ya siku 14 hivi. Muda huu haubadiliki sana. Kinachobadilika ni muda wa kulikomaza yai. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 28 hutoa yai karibu na siku ya 14, wa siku 24 karibu na siku ya 10, na wa siku 35 karibu na siku ya 21. Hapa ndipo penye mtego: hesabu huanzia kwenye hedhi ijayo na kurudi nyuma, nayo hedhi hiyo bado haijaja.

Aidha, yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume zaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hata siku 5. Msichana aliyeambiwa kwamba siku ya 7 ni salama, kwa kuwa damu imekwisha, aweza kushika mimba ikiwa mwezi huo yai litatoka siku ya 10.

Kwa mtu mzima mwenye mzunguko usiobadilika hesabu hii ni ngumu. Kwa kijana haifai kabisa. Katika miaka ya kwanza ya kubalehe, mawasiliano ya ubongo na ovari hayajakomaa, na mzunguko waweza kuwa wa siku 21 mwezi mmoja na 45 mwezi mwingine. Tena, kwa kuwa yai hutangulia hedhi, yawezekana kushika mimba kabla ya kuona hedhi ya kwanza. Wala hakuna siku imkingayo mtu na kisonono, kaswende au VVU.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini Tanzania, 22 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Nyonga ambayo haijamaliza kukua huzidisha hatari ya uzazi pingamizi na fistula. Kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi walio wadogo. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, ila si kila mmoja hupata wa kumlelea mtoto.

Elimu peke yake haitoshi. Mkoani Mwanza, mradi wa Mema kwa Vijana, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulifundisha mambo haya katika shule za msingi. Ulipopimwa, ujuzi wa vijana ulikuwa umeongezeka, lakini maambukizo ya VVU hayakuonekana kupungua. Msichana aijuaye hesabu hii bado ni mnyonge mbele ya mtu mzima mwenye fedha. Hivyo somo hili lawahusu wavulana, wazazi na wachimbaji wenyewe, na zahanati isiyomfukuza kijana ni sehemu yake.

Zoezi: Mizunguko mitatu ya msichana ilikuwa ya siku 26, 33 na 24. Mwanafunzi atoe 14 katika kila mmoja, kisha ahesabu siku 5 za mbegu kabla ya yai la mapema zaidi, na siku 1 ya yai baada ya lile lililochelewa zaidi. Ataona kwamba tangu siku ya 5 hadi ya 20 hakuna hata moja iwezayo kuitwa salama. Na mzunguko wa nne haumo katika hesabu hiyo.