Elimu kwa Mpiga Kura: Karatasi, Mitambo na Fomu ya Mlangoni

Je, kura nchini Kenya hupigwa kwa karatasi au kwa mitambo? Vyote viwili hutumika, ila kila kimoja kina kazi yake.

Kazi ya mitambo
Kifaa cha KIEMS humtambua mpiga kura kwa alama za vidole, kisha jioni hutuma picha ya fomu ya matokeo ya urais. Hakipigi kura wala hakihesabu.

Kazi ya karatasi
Mpiga kura hupewa karatasi sita: ya Rais, Gavana, Seneta, Mwakilishi wa Kike, Mbunge na Mwakilishi wa Wadi. Kituo kikifungwa, msimamizi hufungua sanduku, huonyesha kila karatasi kwa mawakala na kuisoma kwa sauti. Matokeo ya urais huandikwa kwenye Fomu 34A. Mawakala hutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni.

Imani hutoka wapi?
Mwaka 2017, matokeo ya urais yalitangazwa kabla ya fomu zote za vituo kupokelewa. Tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi huo, na wananchi wakarudi foleni Oktoba. Mwaka 2022, IEBC iliweka Fomu 34A kwenye tovuti, kila mtu azione. Malalamiko yalipofika mahakamani, fomu za tovuti zililinganishwa na zile halisi za karatasi. Hakukupatikana tofauti kubwa, na matokeo yakadumishwa.

Funzo ni hili: mtambo huleta kasi, lakini ushahidi umo kwenye karatasi. Kifungu cha 86 cha Katiba kinataka uchaguzi uwe rahisi, sahihi, salama na unaoweza kuthibitishwa.

Mkazi afanye nini?
Awe Borabu, Kitutu Masaba, Mugirango Magharibi au Mugirango Kaskazini, mkazi anaweza kusoma fomu iliyobandikwa kwenye kituo chake, aandike idadi ya kila mgombea wa urais, kisha ailinganishe na ile ya tovuti. Mlangoni pakiwa na kura 312, kwenye tovuti pia ziwe 312. Zikitofautiana, amjulishe wakala au IEBC mara moja. Nambari aliyoiandika mwenyewe ina uzito kuliko uvumi wa simu.

Swali la kujadili barazani: Nani katika kijiji chenu atasoma fomu ya mlangoni mwaka 2027?